Sungura Mwenye Kamba Shingoni

Nyumbani kwangu hapa Ilomba, Mbeya, hela haipokelewi mkononi. Ukija kununua mkaa utaweka hela yako mezani, na mimi chenji nitaiweka mezani, uchukue mwenyewe. Wajukuu zangu wamekua hivyo, wanadhani ndiyo adabu. Mmoja aliolewa Ubaruku huko kwenye mpunga, na haukupita muda mama mkwe wake akanipigia simu: "Mama, samahani, hivi huko kwenu mna mwiko gani na hela? Huyu binti ukimtuma dukani, chenji anakuwekea chini kwenye mkeka, kama anamlisha kuku." Nilicheka, yeye akacheka, tukaulizana habari za mvua, tukaagana. Ningeanzia wapi?

Nianzie kwa mama. Mama yangu alipofariki, mkongwe kabisa, macho yameshaziba, tulirudi Mufindi kumzika. Matanga yalipokwisha wakagawana vyombo, na mimi binti mkubwa nikapewa sanduku lake. Chini kabisa, chini ya kitenge ambacho hakuwahi kukivaa kwa kukihurumia, nikakuta kopo la maziwa limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Nikalegeza mfuniko kidogo tu. Harufu ikanipiga: majivu, chumvi iliyoloa, na nyuma yake, kwa mbali, uchachu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, uliolala. Najua ulanzi haukai kwenye kopo miaka yote hiyo. Lakini pua yangu ndivyo ilivyosema, na pua haibishani na mtu. Nikafunga kopo. Nilijua ndani kuna nini. Nikaja nalo Mbeya, nikaliweka juu ya kabati, nikawa napita chini yake kama unavyopita karibu na mbwa usiyemjua.

Sasa, nina mpangaji wangu, Fundi Salumu. Anatengeneza simu pale barabarani, watu wa kwao asili ni Kilwa, babu yake alikuja huku na biashara ya vitambaa. Mpangaji mwema, isipokuwa kitu kimoja: anapiga picha hela. Akirudi jioni hampi mke wake hela ya mboga mpaka kwanza azimwage kwenye kitambaa cheusi, aziweke moja moja chini ya ile darubini yake ya kutazamia matumbo ya simu. Mke wake anapiga kelele mpaka kwangu: "Bibi, njoo umwone mwenzio! Wanaume wenzake wanaleta hela nyumbani, huyu wangu analeta picha za hela!"

"Mwache mke wangu aseme," Salumu ananiambia. "Bibi, njoo uone. Hii mia mbili, simba wa pili ana masharubu ya ziada."

Nilikuwa naenda kutazama ili mradi tu nisimkatishe tamaa. Kwenye kioo cha simu hela inakuwa kubwa kama sinia. Kweli simba ana unywele mdomoni ambao wenzake hawana. Anasema huo si uchafu, ni kosa la kule kiwandani hela inakotengenezwa, na wako watu nchi nyingi wanatafuta makosa kama hayo, wanayapiga picha, wanatumiana kwenye grupu, wanabishana usiku na mchana kama wazee wa bao. Na kila siku lazima anichokoze: "Bibi, huna hela za zamani? Zile za senti? Wazee wote wana kopo."

Kopo. Nikawa nasema sina.

Juzi hapa mvua imenyesha kutwa, umeme umekatika, mkaa hauuziki, nimekaa peke yangu nalitazama lile kopo. Uzee ni kitu cha ajabu, unafika mahali unachoka hata kuogopa. Nikamwita. Nikamwambia, "Lipo pale juu ya kabati. Lishushe mwenyewe, fungua mwenyewe, mimi sishiki."

Akashusha, akafungua, akapangusa majivu, akawasha taa ya simu. Akapiga ukelele mpaka mke wake akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Sungura!" akasema. "Bibi, unaye sungura mwenye kamba!"

Mimi nikakaa chini.

Wa umri wangu mnaikumbuka sumni, senti hamsini, nyeupe, upande mmoja kichwa, upande wa pili sungura. Mimi nilikuwa simjui sungura mwingine zaidi ya huyo. Mama alikuwa anauza ulanzi, kwetu ni juu kule kwenye baridi, karibu na mashamba ya chai. Baba alikuwa mtu wa kugema, si mtu wa maneno. Mvua zikianza anakata ncha za mianzi michanga, anatundika mbeta, kile chombo cha mwanzi cha kukingia, na asubuhi na jioni anapita kuchonga ncha ili utomvu usizibe. Sisi watoto tulikunywa ule wa siku hiyo, mtogwa, mtamu kama maji ya muwa. Ule uliolala ndio wa wakubwa. Jioni wachuma chai wanashuka na vikapu mgongoni, ukungu unawafuata nyuma, wanakaa kwenye magogo uani kwetu, wanakunywa, wanaimba, wanatukanana kiutani.

Kati yao alikuwepo Shangazi Rozina, dada yake baba. Aliolewa, akarudi bila mtoto, baba akamjengea kijumba nyuma ya mianzi, naye akaenda kuchuma chai. Mimi nililala kwake kuliko nilivyolala kwetu. Mikono yake ilikuwa na rangi nyeusi ya majani ya chai isiyotoka kwa sabuni, na alikuwa akinisuka nywele ananuka majani mabichi. Mama na yeye walipendana. Wifi hivi, wifi vile, wanateta wanaume wakicheka mpaka wanashikana mabega. Ila shangazi alikuwa na kiburi kimoja, hakunywa bure. Mama akimwambia, "Wewe ni wa hapa, kunywa," yeye anajibu, "Nikinywa bure, kesho utanituma kuni." Analipa. Na analipa kwa sumni mpya, kwa sababu siku ya mshahara karani wa shamba alikuwa anapokea hela mpya kutoka benki, zinang'aa, bado zina makali pembeni.

Siku moja mama alipokea sumni yake, akaigeuza kwenye mwanga wa moto. Akaniita. "Hebu tazama, wewe una macho. Huyu sungura ana nini shingoni?"

Nikatazama. Alikuwa na kamba. Uzi mwembamba, unaanzia pembeni kabisa mwa hela, unaingia mpaka shingoni, unaishia hapo. Nikapitisha kucha, ikagota. Nikasema, "Amefungwa."

Hatukulifikiria tena jambo hilo. Kesho yake mama alienda nayo dukani, duka lilikuwa mbali, akarudi na chumvi. Mimi nilisikitika kidogo kwamba sungura ameuzwa.

Mshahara uliofuata, shangazi akafungua kitambaa chake, akachomoa sumni, akampa mama. Mama akaigeuza. Nikaona uso wake umebadilika.

"Wifi, hii hela umeitoa wapi?"

"Nimeitoa wapi? Kwa karani. Wifi, leo umeonja ulanzi wako mwenyewe?"

Wanywaji wakacheka.

"Hii nilinunulia chumvi. Hii hii. Nilimpa mwenye duka mkononi."

"Basi mwenye duka naye kaenda kuchuma chai," akasema mzee mmoja, wakacheka zaidi.

Mama hakucheka. Akanivuta, akanionyesha. Kamba ilikuwa imekua. Ilipita shingo, imeanza kupanda kichwani. Mimi, kwa akili zangu za kitoto, nikaelewa vizuri kabisa: sungura alifungwa dukani akatoroka, akarudi nyumbani akiburuta kamba. Ndiyo maana ni ndefu. Nikamwonea huruma, nikakata majani nikatia kwenye kopo la hela. Mama alipoyakuta akaniuliza nani kaweka majani humu, na sauti yake ilinifanya nisijibu. Najua leo kwamba na hayo majani aliyahesabia upande wa uchawi.

Siku hizi mnaita chuma ulete. Sisi hatukuwa na jina hilo, tulisema hela ya kuvuta. Mtu anakulipa hela aliyoifanyia dawa, wewe unaitia kwenye kopo lako, ile hela inarudi kwake na kuvuta wenzake. Na kweli kopo la mama lilikuwa linapungua. Sasa hivi nikikaa nikifikiri, mvua zilikuwa zinaisha, mianzi inakauka, ulanzi wenyewe unapungua, hela ingetoka wapi? Lakini nani anatazama mianzi wakati ana mtu wa kumtazama.

Maneno yakaanza. Ndiyo maana hazai. Ndiyo maana alirudishwa. Mama alikuwa analia jikoni, si kwa hasira, kwa kweli alikuwa anaogopa, na alikuwa anampoteza rafiki. Baba yeye anaenda kwenye mianzi yake, anarudi. Mwisho shangazi mwenyewe ndiye aliyesimama uani mbele ya watu wote, mikono kiunoni.

"Kaka, ichukue hiyo hela. Nenda kaitupe mtoni pale kwenye kina, sote tunaona. Ikirudi mkononi mwangu, hamtahangaika kunifukuza. Nitaondoka mwenyewe."

Alisema kwa sauti kubwa. Alikuwa na hakika, na alimtazama mama usoni.

Tukaenda mtoni, kundi zima kama tunaenda kubatizwa. Baba akairusha. Ililia tu kidogo, maji yakafunga. Mimi nililia sana, wakubwa wakadhani namlilia shangazi. Nilikuwa namlilia sungura. Nilijua sungura haogelei.

Shangazi akanibeba mgongoni kurudi, mtoto mkubwa mzima. Alikuwa anaimba. Njiani akamwambia mama, "Wifi, mshahara ukitoka nitakununulia kitenge, tusahau huu upuuzi." Na mama akamwambia, "Tusahau, wifi," akamshika mkono. Nataka mjue hilo. Walishikana mikono mpaka nyumbani.

Mshahara ulipotoka shangazi hakufungua kitambaa njiani. Alifanya makusudi, alitaka tuone. Akaja moja kwa moja na kikapu chake mgongoni, uani kumejaa, akaweka fundo la kitambaa juu ya gogo, kitenge kipya, alichokopeshwa pale shambani, amekikunja kwapani. Akaingiza vidole kwenye fundo, akachomoa sumni moja bila kuitazama, akampa mama.

"Haya, wifi. Nimiminie."

Mama aliigeuza. Mkono wake ukashuka polepole mpaka magotini, kila mtu akaona. Kamba ilikuwa imetoka pembeni, imepita shingo, imepita kichwa, imefika mwisho wa sikio. Mimi nikarukaruka kwa furaha. Hajafa! Ameogelea! Kamba ni ndefu kwa sababu ametoka mbali, mtoni chini kabisa. Nikatazama watu wafurahi na mimi, hakuna aliyefurahi.

Shangazi akaichukua. Akapitisha kucha. Akaketi chini kwenye matope na kikapu chake mgongoni. Nilidhani atabisha, alikuwa mbishi kuliko wote. Hakubisha. Akaitazama mikono yake, huku na huku, ile mikono myeusi, kama ya mtu mwingine. Akasema kwa Kihehe, taratibu, kwamba kumbe ni yeye. Kumbe ni kweli, na yeye mwenyewe alikuwa hajui.

Hilo ndilo ninaloamka nalo mpaka leo. Wao kuamini ni jambo moja. Yeye aliamini.

Aliondoka kesho yake asubuhi. Baba alimsindikiza mpaka kwenye bonde akarudi akaenda kwenye mianzi. Lile fundo la mshahara aliliacha pale pale kwenye gogo, hakutaka kulishika, na hakuna mwingine aliyetaka. Mama akalisomba kwa koleo la majivu akalitupa chooni, bila kulifungua. Ile sumni moja wazee walimwambia asiitupe, hela iliyorudi ukiitupa itarudi tena, ifungwe kwa majivu na chumvi ikae gizani. Ndivyo ilivyokaa. Na kitenge ndicho kile nilichokikuta juu ya kopo.

Miaka ikaenda. Nikaolewa, nikaja Mbeya. Kumbe shangazi alikuwa Makongolosi kwenye dhahabu, anapikia wachimbaji wali na maharage. Nikapanda gari nikaenda. Alikuwa amezeeka ila mdomo ule ule, na salamu ya Kihehe ile ile. "Nani huyu kanenepa hivi? Kamwene, mwanangu! Mume wako anakulisha au anakujaza?" Tukalia, tukacheka. Lakini nikaona mezani ana bakuli la maji, na kila anayekula anatumbukiza hela yake humo na anajichukulia chenji mwenyewe. Wachimbaji walimsifia, mama yule msafi sana. Wakati wa kuondoka nikatoa kidogo nilichokuwa nacho nimpe, akarudisha mikono nyuma ya mgongo kama mtoto.

"Usiniwekee mkononi, mwanangu. Nitakuvutia hata ulichoacha nyumbani. Weka mezani."

Nilitaka kumwambia si kweli. Lakini mimi mwenyewe niliiona ikitupwa, na mimi mwenyewe niliiona imerudi. Nikaweka mezani. Tangu siku hiyo na mimi naweka mezani, sijui kwa kumwogopa au kwa kumpenda, vyote viwili labda. Alizikwa huko huko Makongolosi, na aliyenipa habari alinipa wakati kaburi limeshaota majani.

Sasa nirudi kwa Salumu. Yuko mbele yangu, mvua bado inanyesha, anachekelea kama amepata mtoto. "Tazama, Bibi." Akanionyesha kwenye simu picha aliyotumiwa na mwenzao mmoja wa Iringa: sumni, sungura, kamba inaishia shingoni. Akasogeza kidole: nyingine, yake mwenyewe, aliipata kwa muuza mitumba, kamba inaanza kupanda kichwani. Halafu akaiweka yangu chini ya darubini, akapiga, akaziweka zote tatu kwa mstari. Shingoni, kichwani, sikioni.

"Hizi ni moja?" nikamuuliza.

"Moja vipi, Bibi? Ni hela tatu hizi. Tena zipo nyingi. Ngoja." Na akanieleza, pole pole, anajua sikusoma. Kwamba hela inagongwa. Kuna chuma kimechongwa sura ya sungura kinyumenyume, kipande cheupe kinawekwa, kinagongwa, kinatoka na sungura. Kinagonga, kinagonga. Chuma nacho kinachoka, kinapata ufa. Ule ufa unakuwa kama mfereji, na hela inayogongwa hapo inatoka na mstari uliopanda juu. "Pitisha kucha, Bibi. Unagota? Mkwaruzo wa mtaani ungezama. Huu umeinuka, umezaliwa nao. Na ufa unavyozidi kurefuka, mstari nao unarefuka kwenye hela zinazofuata. Kwa hiyo ya shingoni ni ya mwanzo, yako hii ni ya mwisho mwisho, karibu chuma kivunjike."

"Zinatoka ngapi hivyo?"

"Wee! Magunia. Na mara nyingi gunia moja linaenda benki moja, linaenda sehemu moja kulipa watu. Shamba, mgodi, popote."

Nikamwona baba anarusha mkono. Alitupa moja. Mtoni iko mpaka leo, huyo sungura hakuogelea popote. Na lile kopo la mama, jioni baada ya jioni, wachuma chai wote wanalipa sumni mpya za karani yule yule, pengine lilijaa sungura wenye kamba mpaka juu. Hakuna aliyezigeuza. Mama alikuwa anageuza ya shangazi tu. Na lile fundo kwenye gogo. Mtu angelifungua. Mtu mmoja tu, angelifungua akamwaga, tungewaona wote pale wamelala na kamba zao, na shangazi angecheka mpaka aanguke.

"Bibi, unalia?" Mke wa Salumu akanishika bega. "We baba Zuhura, umemwambia nini?"

"Nimemweleza hela tu!"

Nikamwambia halii mtu hapa, moshi. Kulikuwa hakuna moshi. Mama hayupo, baba hayupo, wale wa kwenye magogo hayupo hata mmoja. Nilihesabu kichwani mwangu nani nimpigie simu nimwambie, nikakosa. Nikawaza kwenda Makongolosi nikasimame pale kwenye majani niseme. Nitasema kwa nani? Na gari la huko linapandwa na watu wenye magoti.

"Nikiituma kwenye grupu, niandike imetoka wapi?" Salumu akauliza. "Wanapenda kujua ilipopatikana."

"Andika ilikuwa ya Rozina, mchuma chai."

Akaandika. Haikupita muda simu ikaanza kulia, mioyo mioyo, vidole gumba. "Wanakupongeza, Bibi. Wanasema hatua hii ya sikioni hawajawahi kuiona. Mmoja anauliza Rozina ni nani."

Akaitoa sumni chini ya darubini, akaipuliza, akaninyooshea. Ilikuwa katikati ya kiganja chake, ndogo tu, haina kosa lolote zaidi ya chuma kilichochoka huko kisikojulikana. Nilijua hivyo. Nilikuwa nimeelezwa, nimeona kwa macho, nimegotesha kucha. Nikanyoosha mkono wangu, ukafika nusu ya njia.

"Weka mezani, mwanangu," nikamwambia.